Dalali wa Mtwara anayelipwa kabla hajaleta mpangaji

Nianze na bei, maana ndiyo itakayokufanya uendelee kusoma au uishie hapa. Dalali huyu anachukua shilingi 50,000 kutoka kwa mwenye nyumba kabla hajampigia simu mpangaji hata mmoja. Kwa hela hiyo anakuja kuikagua nyumba, anaandika orodha ya marekebisho, anakutajia kodi inayolipika kwa mtaa huo, na anasimamia makabidhiano. Mpangaji akipatikana, naye anamlipa kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi ya madalali karibu wote. Mjomba aliposikia 50,000 ya kuangalia nyumba tu, akauliza huyo dalali amesomea wapi udaktari.

Nampa nyota nne kati ya tano. Jina lake silitaji wala namba yake siiweki; hana ofisi, hana kibao, na hapendi kutangazwa kwa sababu hachukui nyumba nyingi kwa mara moja. Ukifika Mtwara mjini ulizia mwanamama dalali anayetembea na bisibisi kwenye mkoba. Mafundi wanamjua.

Nyumba yetu ipo Ligula, unafika kwa miguu kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa. Vyumba vitatu, sebule, jiko, bafu na choo ndani, banda la vyumba viwili uani, minazi minne na mwembe mmoja. Mzee aliijenga kwa awamu, kila msimu wa korosho ukiacha kitu: mwaka huu msingi, mwaka ule lenta, mwaka mwingine bati. Mzee ametangulia mbele ya haki. Mama magoti yamemchosha, amehamia Dodoma kwa mdogo wangu. Mimi ni mtunza stoo wa shule huku Lindi, saa mbili hivi za basi kupitia Mingoyo, na nyumba isiyolala mtu pwani haikusubiri. Chumvi inakula chuma, mchwa wanakula mbao, na kilichobaki kinaliwa na wezi. Kupangisha hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye namna ya kupangisha.

Tulianza na dalali wa kijiweni, wa bure. Alichukua funguo, akapiga picha sebuleni vitu vyote vikiwa mahali pake, akazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukutani palikuwa na picha ya mzee amevaa kanzu na koti. Picha ikatembea grupu hadi grupu ikamfikia shangazi Masasi, chini yake imeandikwa "nyumba ya familia, bei maelewano". Shangazi alipiga simu usiku kuuliza nani ameuza nyumba ya kaka yake. Wakati huohuo jirani ananiambia kila jioni anaona watu wapya barazani, wengine na tepu mkononi wanapima madirisha, na sisi hatuna habari. Tulimnyang'anya funguo, tukabadilisha na kitasa. Baada ya hapo 50,000 ya mtu anayejua kazi haikuniuma sana.

Mwanamama mwenyewe alikuja asubuhi. Akamwamkia mjomba, akakaribishwa kiti, akasema atakaa akimaliza. Alianzia getini. "Dada, mpangaji anaanza kuikataa nyumba akiwa hapa nje," aliniambia, huku anachokonoa grili ya dirisha la mbele. Bisibisi ikazama. Kwa macho grili ile ilikuwa nzima, imepakwa rangi nyeusi si zamani; ndani ya rangi palibaki kutu tupu. Alipita dirisha kwa dirisha upande unaopigwa na upepo wa bahari, anaandika. Upande wa pili hakuhangaika nao, aligonga mara moja akapita.

Ndani ndiko aliponifurahisha. Alifungua koki zote kwa pamoja, ya jikoni, ya bafuni na ya uani, halafu akavuta maji chooni, akasimama kusikiliza. Maji ya jikoni yakakata. "Familia ya watu watano, asubuhi watoto wanakwenda shule, haiwezi kuishi hapa," akasema. Sisi tumekaa hapo watu tisa, lakini sikumjibu. Akatoa chaja ya simu akaichomeka kwenye kila soketi ya nyumba, na zilizokufa akazibandika kipande cha plasta. Akagonga fremu za milango kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini. Za mbele ni za mninga, hazikuwa na neno. Za jikoni na stoo mzee alimalizia na mbao laini. Hizo zililia kama debe tupu na unga ukamwagika sakafuni. Akapanda juu ya meza kutazama siling bodi penye madoa. Akatoka uani akasimama juu ya shimo la choo, akauliza gari la kunyonya lilikuja lini mara ya mwisho. Kila mtu alimtazama mwenzake, naye akaandika.

Kisha akainua macho kwenye minazi. Akauliza gari la mpangaji litalala wapi, kwa sababu sehemu pekee ya kuegesha ilikuwa chini ya mnazi wenye mikungu ya nazi zilizokauka.

Baada ya hapo ndipo alipokaa barazani, akapokea maji, na swali lake la kwanza halikuhusu nyumba kabisa. "Mwenye nyumba kwenye karatasi ni nani?"

Hapo ndipo ningemlipa hata mara mbili. Hati ina jina la mzee. Mdogo wangu aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, na karatasi ya uteuzi ilikuwa naye Dodoma. Dalali akasema bila nakala ya karatasi ile na bila saini ya msimamizi kwenye mkataba, nyumba haitangazi. Anajua kisa cha mpangaji aliyelipa miezi sita kwa mtoto mmoja wa marehemu, akapakia vitu kwenye kirikuu, kufika anamkuta mtoto mwingine amefunga kofuli lake. Halafu akaomba namba ya mama. Akampigia palepale, simu akaiweka sauti ya wote, akamwamkia, akamuuliza, "Mama, umeridhia nyumba yako ikae watu wengine?" Mama alikaa kimya kidogo, akasema ameridhia, ila vitu vya mzee visitoke nje ya uwanja ule.

Vitu vya mzee ni redio kubwa ya mbao, kabati, baiskeli, vinyago viwili vya mpingo alivyopewa na rafiki yake wa Kimakonde, na boksi zima la stakabadhi za korosho za miaka hiyo. Mjomba akatoa suluhisho la haraka: tufunge chumba kimoja cha nyumba kubwa, vitu vikae humo, tupangishe viwili. Dalali akakataa. Alisema mpangaji mwenye chumba kilichofungwa ndani ya nyumba anayolipia hatalala kwa amani, ataambiwa mna mambo yenu humo, na mkija kufungua mtakuwa mnapita sebuleni kwake na viatu. Vitu vikahamia chumba kimoja cha banda la uani, chenye mlango wake. Hilo lilikwisha bila kelele.

Lisilokwisha kirahisi lilikuwa la ndugu. Nyumba ya Ligula kwa ukoo wetu ni kituo. Mtu akitoka Newala au Tandahimba na karatasi ya rufaa, anafikia pale. Anayeuguza anapika pale uji wa kupeleka wodini. Mwanamke anayesubiri kujifungua anakaa pale mpaka siku yake. Wengine wana funguo zao tangu mzee yupo hai. Shangazi, ambaye hasira ya ile picha ilikuwa bado haijatulia, alitaka chumba cha pili cha banda kibaki cha wagonjwa. Dalali alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa adabu zote, "Shangazi, mimi nikileta mtu alipe laki tatu halafu saa nane za usiku agongewe geti na mgonjwa asiyemjua, atahama, na hela yake atataka nirudishe mimi." Tukakaa na jambo hilo. Tulichokubaliana ni kutenga 20,000 kila mwezi kutoka kwenye kodi, inakaa kwa mjomba, kwa ajili ya gesti ya ndugu anayekuja hospitali. Shangazi amekubali kwa mdomo. Funguo yake nilikuja kuipata baadaye sana, na kwa masharti. Sidhani kuna dalali mwingine ambaye angejua kuwa hilo nalo ni sehemu ya kuandaa nyumba.

Orodha yake ilikuja kwenye karatasi ya daftari, imegawanywa sehemu tatu: lazima, ikiwezekana, na msiguse. Lazima ilikuwa na grili za upande wa bahari, bomba, fremu mbili, soketi, shimo la choo, bati za juu ya jiko, na kuangua nazi. Ikiwezekana ilikuwa rangi ya nje na nyavu mpya za mbu. Iliyoniokolea hela ni ya tatu. Sisi tulishapanga kuweka marumaru sebuleni na dari ya jipsamu, maana kila nyumba mpya ya mjini inayo. Yeye aliandika: sakafu ya sementi isuguliwe, isifunikwe. Marumaru ya sebule ile, pamoja na fundi, tulikadiriwa 900,000. Akauliza mnadhani kodi itapanda kiasi gani kwa ajili ya marumaru. Kwa mtaa ule, akasema, labda 20,000 kwa mwezi. Kazi yangu ni hesabu za stoo, kwa hiyo nilishaipiga kabla hajamaliza sentensi: miezi 45 kurudisha hela ya marumaru, kama hakuna mwezi nyumba itakaa tupu. Tukaacha.

Kwenye kodi ndipo alipogongana na mjomba. Mjomba alitaka 600,000. Ana ushahidi: jirani yake wa Shangani aliwahi kupangisha kwa zaidi ya hapo. Ni kweli, lakini hiyo ilikuwa enzi za gesi. Kati ya 2012 na 2014, kampuni za utafiti wa gesi ya baharini zilipojaa Mtwara, watu walihama nyumba zao wakaenda kupanga chumba Magomeni ya hapahapa Mtwara ili wapangishe wageni. Viwanja vilipanda, hoteli zikaota. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, wageni wakapungua, na mradi mkubwa wa kuchakata gesi ambao kila mtu anausubiri umepangiwa Likong'o, huku kwetu Lindi. Mjomba anaamini gesi itarudi. Dalali akamjibu, "Ikirudi mjomba, mkataba ni wa miezi sita, tutapandisha." Mjomba akacheka, akashuka hadi 400,000, na mwisho tukatangaza 300,000.

Alivyoieleza 300,000 yake ndivyo nilivyompenda. Hakusema "soko ndivyo lilivyo". Alitaja ni nani hasa anapanga nyumba nzima Ligula sasa: watumishi wa hospitali, ya mkoa na ile ya kanda iliyopo Mitengo, walimu wa vyuo, watu wa benki, watu wa bandarini, hasa tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kupita hapa, na wanaokuja na korosho kuanzia Oktoba. Wa korosho wanalipa vizuri lakini wanataka miezi mitatu na wanajaza uwanja magunia. Mtumishi analipa miezi sita, anaomba apunguziwe, na anakaa miaka. Wa kampuni ana bei nzuri zaidi, ila kampuni ikipanga inakata asilimia 10 kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, kwa hiyo katika 300,000 mkononi mnashika 270,000, na msimamizi lazima awe na namba ya mlipakodi. Alituuliza tunataka yupi. Tukasema mtumishi.

Mafundi. Unaruhusiwa kutafuta wako, lakini anao anaowaamini na anakusukumia kidogo. Fundi bomba wake ni hazina. Aligundua kwamba maji ya jikoni yalikuwa yanakatika kwa sababu bomba la kutoka kwenye simtanki lilikuwa dogo kuliko la kuingia, na mzee alikuwa ameunganisha bafu juu yake baadaye. Hakutaka kuvunja ukuta. Alipitisha bomba jipya kwa nje, akalifunika vizuri na kulipaka rangi ya ukuta, akainua tangi kwa tofali tatu zaidi. Kazi ya siku moja. Sasa koki zote zinatoa kwa pamoja. Fundi umeme naye hana lawama.

Fundi rangi wake, hapana. Kwanza alichelewa kwa sababu alikuwa na kazi Mikindani, halafu rangi ya maji aliyopaka ukuta wa nje ilikuwa nyepesi mno. Ukiangalia jua la saa kumi unaona rangi ya zamani inachungulia. Nilihesabu ndoo nilizonunua na zilizobaki tupu uwanjani, nikajua rangi nyingine imeondoka kwa miguu yake. Dalali alipoambiwa alimpigia mbele yangu, akamrudisha kupaka mkono wa pili bila malipo, lakini rangi ya mkono huo niliinunua mimi. Ukimtumia dalali huyu, mpe fundi rangi wako.

Kwenye bati msimamo wake ulikuwa mmoja: geji 28 kwa upande wa bahari, hata kama muuza duka anakuapia kwamba 30 inatosha. Tulibadilisha tu zile za juu ya jiko zilizotoboka, na misumari yenye mipira yake. Fremu zilizoliwa tuliweka za mninga na kumwaga dawa ya mchwa kwenye msingi pale. Gari la kunyonya choo lilikuja, nalo ndilo lililoleta jirani wote kutazama.

Mkataba anao wake, kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida. Si wa wakili, na yeye mwenyewe anakuambia ukitaka muhuri upeleke kwa wakili; sisi tuliupeleka. Lakini wakili hakubadilisha karibu kitu, kwa sababu yule mama ameandika vitu ambavyo ni hapa tu mtu angevifikiria. Nazi ni za mpangaji, ila mkwezi anaitwa na kulipwa na mwenye nyumba, kila zikikomaa, ili zisimwangukie mtu wala gari. Maembe ni ya mpangaji, lakini mti usikatwe tawi bila ruhusa. Mwenye nyumba au ndugu yake anatoa taarifa siku moja kabla ya kuja, hata kama anakuja kuchukua kitu kwenye banda. Kifungu hicho shangazi alisomewa kwa simu.

Kipo na kifungu cha kodi ya jengo. Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida kama yetu sasa ni 1,500 kwa mwezi. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na wapangaji wengi wanaimeza kimya huku wakikununia. Mkataba wetu unasema kwa miezi sita hiyo 9,000 inapunguzwa kwenye kodi ya pango ya kipindi kinachofuata. Ni hela ndogo. Mpangaji alipoisoma alitabasamu, akasaini.

Makabidhiano nimeyapenda kikazi. Stoo ninayotunza hakuna kijiko kinachotoka bila saini, na nilidhani mimi peke yangu duniani ndiye mwenye ugonjwa huo. Dalali alizunguka na mpangaji chumba kwa chumba, anapiga video, anasema kwa sauti: dirisha moja lina ufa, lilikuwepo, kitasa kipya, funguo tatu, mita ya maji inasoma hivi, umeme uliobaki uniti hizi. Koki zilifunguliwa tena zote kwa pamoja mbele ya mpangaji. Nakala ya kitambulisho cha NIDA ilichukuliwa, na mwenyekiti wa mtaa akaletewa majina. Hela ya miezi sita ililipwa benki kwa jina la msimamizi, si mkononi kwa mjomba, ingawa mjomba alikuwa amevaa shati lenye mfuko mkubwa.

Sasa nyota iliyopungua. Si ya rangi, ingawa ingetosha.

Kabla ya mpangaji tuliyempata, muuguzi mmoja alinipigia mimi moja kwa moja; namba yangu aliipata kwa jirani. Ni mama wa watoto wawili, amehamishiwa hospitali ya kanda, anataka nyumba nzima, ana miezi sita mkononi. Akaniambia alishampigia dalali akajibiwa nyumba imechukuliwa. Haikuwa imechukuliwa. Nilipomuuliza dalali, hakuficha: mwanamke asiye na mume kwenye nyumba nzima analeta maneno mtaani, wenye nyumba wengi hawataki, kwa hiyo yeye anawachuja mapema asipoteze muda wa mtu. Nikamuuliza amepata wapi habari kuwa sisi ni miongoni mwa hao wengi. Kwenye maswali yote aliyotuuliza barazani, hilo hakuuliza. Mimi mwenyewe sina mume na nimepanga Lindi miaka. Alikubali kumwonyesha nyumba, muuguzi akaja, akaipenda, lakini siku mbili hizo za kuzungushwa alikuwa ameshatoa neno kwa nyumba nyingine Chuno. Tukampata afisa wa benki na mkewe na watoto, watu wazuri, sina la kusema juu yao. Ila kama unamtumia dalali huyu, mwambie siku ya kwanza, kwa maneno ya wazi, kwamba kila anayeuliza uletewe jina lake na uamuzi ni wako.

Pia analipwa pande zote mbili. Hajifichi, na mpangaji anajua, lakini pale mpangaji alipoomba kodi ishuke hadi 280,000 sikuweza kujua dalali anasimama upande gani. Alitutazama sote akatulia. Tulibaki kwenye 300,000. Na risiti hana. 50,000 yangu nilimwandikia mimi risiti, yeye akasaini.

Baada ya makabidhiano kazi yake imekwisha, na anakwambia hivyo. Boya la simtanki lilipoharibika, maji yakamwagika usiku kucha, mpangaji alinipigia mimi. Nikampigia yule fundi bomba, akaenda asubuhi hiyo hiyo, 15,000 pamoja na boya. Kwa hiyo ukiwa mbali na nyumba yako, uwe na fundi wako wa kuitwa, usimtegemee dalali.

Akikupa siku ya kukagua, hakikisha msimamizi wa mirathi anapatikana kwa simu na nakala ya karatasi ya mahakama imeshatumwa, la sivyo atakagua na kuondoka bila kutangaza. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa tisa hapokei simu. Na kama kuna ndugu mwenye funguo ya zamani, mtaje mapema, kwa sababu kabla hajainuka barazani atauliza funguo ziko ngapi na ziko kwa nani.